Simu iliyolala mezani ndiyo inayomaliza bando Dzaleka

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe, bando hununuliwa asubuhi na jioni halipo. Wakongomani huiita data "mega", wengine "bando", lakini ugomvi ni uleule: nani kaimaliza? Kila aliyekuwa ndani anaapa hajatazama video hata moja.

Mara nyingi anayeapa anasema kweli.

Kambini, na hata katika mitaa ya mji kama Area 23 ya Lilongwe, intaneti ya nyumbani kwa watu wengi si waya wala kisanduku ukutani. Ni simu moja yenye bando la Airtel au TNM, imewashwa hotspoti, na simu nyingine tatu au nne zimejiunga nayo. Hasara huanzia hapo. Mara nyingi simu iliyojiunga huiona hotspoti hiyo kuwa ni waifai ya kawaida, na simu nyingi huichukulia waifai ya kawaida kuwa haina kikomo. Basi inazimalizia kazi zote ilizokuwa imeziahirisha: inasasisha programu, inapeleka picha kwenye hifadhi ya Google, inaweka nakala ya mazungumzo ya WhatsApp, inapakua kila video iliyorushwa kwenye kundi la kwaya. Yote hayo kioo kikiwa kimezimwa.

Kinga yake haina gharama. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, gusa jina la waifai uliyojiunga nayo, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, kisha uuweke kuwa mtandao unaopimwa. iPhone ina hali ya kupunguza data. Kompyuta ya Windows ina swichi kama hiyo, nayo isisahaulike, maana sasisho moja tu laweza kula bando la wiki. Katika WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha, hasa kwenye mstari wa waifai, ambao wengi huuruka kwa kudhani hauwahusu.

Anayepaswa kufanya hivyo ni kila anayejiunga. Mwenye bando hawezi kuingia ndani ya simu za wageni wake. Silaha yake kubwa ni kubadilisha nywila, na hapo ujirani huharibika.

Video yenyewe ni hesabu nyingine. Netflix inaeleza kwamba saa moja katika ubora wa chini hutumia hadi GB 0.3, na katika ubora wa juu hadi GB 3. Filamu ni ileile, gharama mara kumi. GB 1 hutosha saa tatu na zaidi kwa mtu mmoja, na dakika 20 tu kwa mwenzake.

Kwa mkazi wa Dzaleka, hayo si mambo ya anasa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi. Mlango wa barabara ukibanwa, simu inabaki kuwa barabara. Masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, yaliyoletwa kambini na Wajesuiti mwaka 2010, hupita humo. Habari za mama aliyebaki Uvira hupita humo pia, na WhatsApp haina bei ya mpaka: dakika ya kuzungumza na Uvira hula data sawa na dakika ya kuzungumza na Lilongwe. Na fedha ya bando hutoka mfuko uleule wa unga, wakati ambapo msaada wa chakula umekuwa ukipunguzwa.

Anayetaka kujua bando limeliwa na nani asianze na watoto. Aanze na simu yenye bando, sehemu ya matumizi ya data. Humo kila programu ina kiasi chake, na hotspoti ina mstari wake peke yake. Mstari huo ukiwa mrefu kuliko mingine yote, mlaji yuko kwenye simu nyingine, na huenda mwenyewe hajui.