Mnazi, Mvinyo wa Mapovu Usiolala

Ukitaja mvinyo, wakazi wengi wa Dar es Salaam hufikiria zabibu za Dodoma. Wanausahau mvinyo wa kwao wenyewe, tena wenye mapovu: tembo la mnazi, linaloshushwa asubuhi kutoka minazi iliyosalia Temeke, Kigamboni na kandokando ya Kinondoni, likiwa tayari linachemka bila moto.

Mgema hafuati nazi. Anatafuta karara ambalo halijapasuka, analifunga kwa kamba, analigongagonga na kulipinda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha anakata ncha kwa kotama. Utomvu uliokusudiwa kulisha nazi changa sasa unadondokea kwenye kibuyu, au dumu, maana vibuyu vimeadimika. Kila anapopanda, asubuhi na jioni, lazima akate tena kipande chembamba, kwa sababu jeraha likikauka mirija ya mti huziba. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza kazi hiyo hiyo aliyoiona Dhofar, Oman: wagema walibakiza kikonyo chenye urefu wa vidole viwili na kufunga bakuli chini yake. Ila wale wa Dhofar waliuchemsha utomvu kuwa asali. Moto ndio tofauti yote kati ya asali na tembo.

Utomvu ukiwa ndani ya karara hauna kilevi hata kidogo. Una sukari takriban asilimia 15. Ukigusa hewa, wadudu na masalia ya jana yaliyoganda ndani ya chombo, hamira ya asili huuvamia papo hapo. Sambamba nayo hufanya kazi bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, ambaye wataalamu wa nishati wamemchunguza kwa miaka mingi kwa sababu ana kasi ya ajabu ya kugeuza sukari kuwa ethanoli. Kila sukari inapovunjwa hutoka vitu viwili: kilevi na gesi ya kaboni dioksidi. Hiyo gesi ndiyo mapovu. Weupe kama wa maziwa nao hautoki kwenye mti. Ni mabilioni ya viumbe hao wanaoelea. Ndiyo maana wapishi wa pwani walitumia tembo kuumulia unga kabla hamira ya dukani haijaenea.

Champagne ya Ufaransa hupata mapovu kwa kazi ile ile, ila huko mvinyo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa nene iliyofungwa, mpaka msukumo wa gesi ufikie karibu mara 6 ya ule wa hewa tunayovuta. Tembo halina subira hiyo. Ndani ya saa chache kilevi hufika asilimia 4 au 5, na ukilifunga kwa nguvu chupa inaweza kupasuka. Ukilichemsha ili kuua hamira, gesi inatoroka. Ukiliacha wazi, bakteria wengine hutumia hewa kugeuza kilevi kuwa asidi, na kesho yake una siki. Siki nzuri, lakini siki.

Methali ya mgema anayelitia tembo maji inajulikana na kila mtu. Kwa jicho la sayansi, kosa lake kubwa si kupunguza ukali, ni maji yenyewe: ya kisima kisichofunikwa huleta vijidudu vya magonjwa ambavyo kilevi cha asilimia 5 hakiwezi kuviua.

Tatizo la sasa ni umbali. Viwanja vinapopimwa, minazi huanguka, na tembo linalonywewa Mbagala mara nyingi huwa limesafiri kutoka Mkuranga, likizeeka njiani. Mti wenyewe una maadui wengine: chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele, na ugonjwa unaoletwa na vimelea aina ya fitoplasma. Ili kukabiliana na maadui hao mradi wa taifa wa minazi ulianzishwa mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, na utafiti wake ukawekwa Mikocheni, Kinondoni. Majaribio yalionyesha kwamba aina nyingi zilizoletwa kutoka nje zilishambuliwa kirahisi na ugonjwa huo.

Kwa hiyo mwenye kiwanja Toangoma au Bunju asikimbilie mche mfupi wa kigeni. Achague mnazi mrefu wa hapa kwetu, ajue tu kwamba karara la kwanza litachukua miaka 6 au zaidi.