Mwani kwa sukuma ya Maungu? Toa chumvi kwanza

Kama umewahi kushuka Maungu saa nane mchana, unajua jua la huku halina utani. Udongo mwekundu, mvua inakuja ikitaka. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, nikapanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba. Mtu akaniambia mwani ni mbolea ya bure. Nikamwomba dereva wa lori ninayemjua aniletee gunia moja kutoka ufuoni Mombasa, nikaumwaga vile vile ulivyo.

Wiki mbili tu, kingo za majani zikakauka kama zimepitishwa motoni. Chumvi, buda.

Sisemi mwani ni mbaya. Una potasiamu kwa wingi, na ukioza unasaidia udongo kushika maji. Naitrojeni na fosforasi ndizo kidogo, kwa hivyo samadi ya mbuzi bado inahitajika. Shida ni kwamba kwenye mvua nyingi chumvi husombwa ikashuka chini. Huku kwetu maji yanapaa na jua, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi. Rudia hivyo kila msimu uone shamba litakavyokufa. Maharagwe ndiyo hayavumilii kabisa.

Sasa, kuosha kunataka maji, na maji tunanunua kwa mtungi. Ndiyo maana mwani uoshwe kabla haujapanda lori. Siku hizi namlipa kijana mmoja Likoni: anauloweka, anabadilisha maji mara tatu, anauanika. Hata mzigo unakuwa mwepesi, maana mwani mbichi sehemu kubwa ni maji. Ukifika nachanganya debe moja na madebe matano ya samadi na majani makavu, nageuza mara kwa mara, naacha miezi mitatu. Wewe jaribu gunia moja kwanza.

Na tafadhali, okota ule uliotupwa na mawimbi. Usiung'oe baharini, samaki wadogo hujificha humo. Ule wa Kibuyuni kule Kwale una wenyewe: akina mama wanaulima kwa kamba, wanauanika na kuuza, wengine wanatengeneza sabuni. Ukiutaka, toa pesa.

Sukuma yangu ya pili imekubali, majani mapana. Sasa nahofia ndovu tu, na hao hawazuiwi na mwani.