Alama ya ugonjwa kwenye fishi yako

Ndugu mfanyakazi wa Likasi, ukitoka kwa mganga usitazame dawa tu, tazama na fishi. Kila ugonjwa una alama yake fupi. Katika kitabu cha 10 cha Shirika la Afya Duniani, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, yaani silikozi, ni J62. Kitabu cha 11, kilichokubaliwa mwaka 2019 na kuanza tarehe 1 Januari 2022, kinauweka chini ya CA60.

Hospitali inayobadili kitabu sharti ifundishe mapema waganga na waandishi wa fishi, tena itunze fishi za zamani. Bila hizo, ugonjwa wa miaka kumi utaonekana umeanza jana.

Lakini kitabu hakijui kazi yako. Ukisema tu "nakohoa", unaweza kuandikiwa kifua kikuu peke yake. (Na mtu aweza kuwa na vyote viwili: silikozi hufungulia kifua kikuu mlango.) Basi mwambie mganga: nilitoboa mawe Kambove miaka minane, kisha nikahamia Shituru. Sema hata kama uliacha zamani, maana silikozi huweza kutokea miaka mingi baadaye. Alama ikikosewa, wagonjwa wa vumbi hawahesabiwi, na hakuna atakayeleta maji ya kulowanisha mawe pale wenzako wanapotoboa.