Programu Ndogo Ndani ya Jedwali la Hesabu: Maelezo kwa Makatibu wa Vyama



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi daftari hilo sasa limo ndani ya kompyuta, na hesabu za mazao, makato na malipo hufanywa kwa jedwali la hesabu, hasa lile liitwalo Excel. Tena, katika baadhi ya ofisi karani hodari ameongeza humo kitufe: kikibonyezwa, orodha nzima ya malipo hujazwa kwa dakika moja. Kazi hiyo ni njema. Lakini kila mwanachama anayelipwa kwa hesabu ya kitufe hicho anayo haki ya kuuliza kimeandikwa nini ndani yake, na kila katibu anao wajibu wa kumjibu. Makala haya yanaeleza jinsi programu ndogo za namna hiyo zinavyoundwa, na mambo ya kuangaliwa kabla ya kuziamini.

PROGRAMU NDANI YA PROGRAMU

Jedwali la hesabu la kompyuta lilipata umaarufu kuanzia mwaka 1979, wakati VisiCalc ilipoanza kuuzwa nchini Marekani. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ilimwezesha mtumiaji kuhifadhi mfululizo wa amri na kuufanya ujirudie wenyewe. Mfululizo huo huitwa makro. Mwaka 1993 Excel nayo ilitiwa lugha kamili ya kuandikia programu, iitwayo VBA, ambayo ingali ikitumika. Basi mwenye Excel katika kompyuta ya mezani yenye Windows anayo karakana ndani yake. Akibonyeza Alt pamoja na F11, mlango wa karakana hiyo hufunguka.

Programu inayoundwa humo haijitegemei. Ni kama jembe lililofungwa nyuma ya trekta: nguvu ni ya trekta, na trekta ikizimwa jembe halilimi. Yafaa zijulikane aina zake tatu.

(a) Fomula iliyotungwa na ofisi yenyewe. Hii hupokea tarakimu, hukokotoa, na kurudisha jibu katika kisanduku ilimoandikwa. Haiwezi kubadili visanduku vingine. Kwa sababu hiyo ndiyo aina salama zaidi, na anayejifunza aanze nayo.

(b) Makro ya kutenda kazi. Hii huweza kuandika, kufuta, kupanga orodha na kuchapa. Ikumbukwe kwamba makro ikishabadilisha jedwali, amri ya kutengua kosa haiwezi kulirudisha lilivyokuwa. Nakala ya faili ihifadhiwe kwanza, ndipo kitufe kibonyezwe.

(c) Programu jalizi. Hii ni faili la pekee, lenye tamati ya xlam, ambalo hupakiwa pamoja na Excel na kuhudumia majedwali yote ya kompyuta hiyo.

MFANO WA MALIPO YA MWANACHAMA

Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, ushuru wa chama ni shilingi 100 kwa kilo, na mwanachama anadaiwa mkopo wa pembejeo. Fomula ya ofisi yaweza kuandikwa kwa mistari mitatu tu:

Function Malipo(Kilo, Bei, Ushuru, Mkopo)
Malipo = Kilo * (Bei - Ushuru) - Mkopo
End Function

Baada ya hapo karani huandika katika jedwali =Malipo(B2,C2,D2,E2), na jibu hutokea. Mwanachama aliyeleta kilo 412 na kudaiwa shilingi 150,000 atapata shilingi 1,044,800. Katibu aweza kuthibitisha jibu hilo kwa kalamu na karatasi.

Sasa tumtazame mwanachama aliyeleta kilo 40 tu, naye anadaiwa shilingi 150,000 zile zile. Jibu litakuwa pungufu ya sifuri kwa shilingi 34,000. Karani, kwa kuona aibu ya kumwandikia mtu malipo yaliyo chini ya sifuri, huenda akaongeza mstari unaosema kwamba jibu likiwa chini ya sifuri liandikwe sifuri. Orodha itapendeza, lakini deni la shilingi 34,000 halitaonekana popote katika orodha hiyo. Mwisho wa msimu chama kitakuwa na pengo lisilo na maelezo.

Je, deni lihamishiwe msimu ujao? Je, mwanachama abakiziwe sehemu ya fedha za kujikimu hata kama anadaiwa? Maswali hayo ni ya mkutano mkuu na masharti ya chama. Mtunga programu hana mamlaka ya kuyaamua, walakini akiachwa peke yake atayaamua bila mtu kujua. Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka likumbukwe: kila mstari wa programu ya malipo ni kanuni ya chama, na kanuni ya chama hupitishwa na wenye chama.

MITEGO MINNE

Kwanza, mtego wa nusu shilingi. Kilo 20.25 kwa shilingi 2,890 ni shilingi 58,522.50. Amri ya kukadiria iliyo katika jedwali la Excel itaandika 58,523. Amri yenye jina lile lile, Round, ikiandikwa ndani ya VBA itaandika 58,522, kwa sababu huko nusu kamili hupelekwa kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu. Ikiwa orodha moja imekadiriwa kwa njia ya kwanza na nyingine kwa ya pili, vitabu havitalingana, na karani asiye na kosa aweza kushukiwa wizi.

Pili, mtego wa chombo kidogo. Katika VBA namba iliyotangazwa kuwa ya aina ya Integer haiwezi kuzidi 32,767. Programu iliyojaribiwa kwa malipo ya shilingi 20,000 itafanya kazi vizuri, kisha itakwama siku ya malipo ya shilingi 40,000. Kwa fedha itumike aina iitwayo Currency.

Tatu, mtego wa bei iliyofichwa. Bei na viwango vya makato visiandikwe ndani ya programu. Viwekwe katika visanduku vya jedwali, mahali ambapo mkaguzi na mwanachama wataviona, na programu ivisome hapo.

Nne, mtego wa ukomo wa mistari. Faili la Excel la mtindo wa zamani, lenye tamati ya xls, huchukua mistari 65,536 na si zaidi. La mtindo ulioanza mwaka 2007 huchukua 1,048,576. Mwaka 2020 nchini Uingereza wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingizwa katika hesabu ya taifa, kwa kuwa matokeo ya vipimo yalikuwa yakipitishwa katika mafaili ya mtindo wa zamani, na yaliyozidi ukomo yakaachwa nje. Lililoipata serikali tajiri laweza kukipata chama cha msingi.

NANI ASHIKE UFUNGUO?

Programu ya VBA huweza kufungwa kwa neno la siri ili isisomwe. Karani aliyeifunga akiondoka na neno hilo, chama hubaki na kitufe kisichojulikana maana yake. Neno la siri na liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na kuhifadhiwa katika kasha la chama pamoja na maandishi ya programu yenyewe yaliyochapwa karatasini.

Vilevile pauliziwe mahali programu inapokaa. Ikiwa imo ndani ya faili la malipo, kila nakala ya faili hubeba programu yake, na ushuru ukibadilishwa msimu huu nakala za zamani zitaendelea kutumia utaratibu wa zamani. Programu jalizi huondoa taabu hiyo, maana marekebisho hufanywa mahali pamoja. Ila faili likipelekwa kwenye kompyuta isiyo na programu jalizi hiyo, fomula zikikokotolewa upya kisanduku huonyesha #NAME? badala ya fedha.

HADHARI YA VIRUSI

Uwezo ule ule wa kutenda kazi umetumiwa na waovu. Mwaka 1995 kilienea kirusi kilichoitwa Concept, kilichokaa ndani ya hati za Word; mwaka 1999 kikafuata Melissa, kilichojisambaza kwa barua pepe. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2022 kampuni ya Microsoft imezuia makro zilizomo katika mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Kizuizi hicho kisiondolewe kwa sababu tu aliyeleta faili amesema liondolewe. Aulizwe kwanza aliyelitunga, na maandishi yake yasomwe.

WAJIBU WA KILA CHAMA

Kabla ya msimu wa malipo kuanza, Ndugu Makatibu mnaombwa mtekeleze haya:

1. Programu yoyote inayokokotoa fedha za wanachama isomwe mbele ya Halmashauri, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili.

2. Ijaribiwe kwa wanachama watano: mwenye mazao mengi, mwenye machache, asiye na deni, mwenye deni linalozidi mazao yake, na mwenye sehemu ya kilo. Majibu yote yalinganishwe na hesabu ya mkono.

3. Kila badiliko liandikwe katika daftari: tarehe, aliyebadilisha, na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha.

4. Watu wasiopungua wawili waifahamu.

Kompyuta hukokotoa upesi, lakini haijui haki ya mkulima. Haki hiyo huandikwa na watu, na inapasa kusomwa na wale wanaolipwa kwayo.