Noeli na Bonane: kahawa ya Kivu yenye tangawizi na vanila, iliyokaangwa nyumbani

Siku kuu za mwisho wa mwaka zinapokaribia, jamaa nyingi za Bukavu, Goma na Butembo zinahesabu pesa mara mbili kabla ya kununua kreti ya vinywaji. Lakini kuna kinywaji kingine kinachofaa kukaribisha wageni wa Noeli, na karibu vitu vyake vyote vinatoka katika udongo wa Kongo ya mashariki: kahawa ya Kalehe, ya Idjwi au ya Lubero, tangawizi ya sokoni, maziwa ya Masisi na vanila ya Beni. Mbabula, kikaango, kinu na kitambaa safi vinatosha kukitayarisha.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakulima wengi wa kahawa hawajui ladha ya kahawa yao wenyewe. Asubuhi wanakunywa chai au uji. Katika miji, mtu anayetamani kahawa mara nyingi ananunua kopo la unga uliotengenezwa kiwandani, nje ya nchi. Tangu nyakati za Wabelgiji, kahawa ilipandwa Kivu ili iuzwe mbali. Punje zinaingia katika magunia, zinavuka mpaka, na kukaangwa kunafanyika kwao wanunuzi.

Hata hivyo Kongo ina nafasi kubwa katika historia ya kahawa duniani. Mwaka 1895, Émile Laurent, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, alikusanya katika eneo la Lomami aina ya kahawa ambayo baadaye kampuni moja ya Brussels iliiuza kwa jina la robusta. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa Java, mahali ambapo ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya arabika. Leo robusta inalimwa katika nchi nyingi za dunia.

Nyumbani, mambo yalikwenda kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Kisha bei zikaanguka, ugonjwa wa kunyausha miti ukaua robusta nyingi upande wa kaskazini-mashariki, na vita vikafunga barabara. Kando ya ziwa Kivu, wakulima waliokosa mnunuzi walipakia magunia ndani ya mitumbwi usiku ili wakauze Rwanda. Wengi walizama. Ni katika hali hiyo koperative kama SOPACDI ya Minova, iliyoanzishwa mwaka 2003, zilianza kujenga vituo vya kuoshea kahawa na kutafuta wanunuzi wa moja kwa moja.

Februari 2025, bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Mwezi huo huo AFC/M23 iliingia Bukavu, baada ya Goma mwezi wa Januari, na benki zikafunga milango. Mkulima anayeuza bila kujua anachouza ndiye anayepoteza kwanza katika nyakati kama hizo. Kwa hiyo kuonja kahawa nyumbani si anasa tu.

Kuchagua punje

Msimu mkubwa wa arabika katika Kivu huanza karibu mwezi wa Machi na kuendelea hadi Juni au Julai. Mwezi wa Desemba, kahawa iliyobaki nyumbani huwa imekauka vizuri. Mara nyingi iko bado katika parche, yaani na ganda lake jembamba. Itwangwe polepole katika kinu ili ganda litoke bila kuvunja punje, kisha ipepetwe kwa lungo. Punje nyeusi, zenye tundu la mdudu au zenye ukungu zitupwe.

Kwa vikombe 10 hivi, gramu 120 za punje kavu zinatosha. Baada ya kukaangwa zitabaki gramu 100 hivi, kwa sababu maji yaliyomo ndani yanatoka.

Kukaanga

Kazi hii ifanyike nje ya nyumba, kwa sababu ya moshi na hewa mbaya ya makala. Makala yawe yamewaka vizuri bila miali mikubwa. Kikaango kizito kipate moto kwanza, ndipo punje zimwagwe na kukorogwa bila kuacha hata dakika moja. Punje zinageuka kutoka kijani hadi manjano, zinanukia kama mkate, halafu zinakuwa za kahawia.

Kisha zinaanza kupasuka kwa sauti, kama mahindi yanayokaangwa. Hiyo ni dalili kuu. Dakika moja au mbili baada ya sauti hiyo, zikiwa na rangi ya chokoleti, ziondolewe kwenye moto. Kazi yote inachukua kama dakika 12 hadi 15. Wengi wanaziacha mpaka ziwe nyeusi kabisa wakifikiri ndipo kahawa inakuwa na nguvu. Kinachobaki hapo ni uchungu wa kuungua, na ladha ya matunda ambayo wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaitafuta katika arabika ya Kivu inapotea.

Punje zimwagwe haraka juu ya lungo, zipepetwe zipoe na maganda yapeperuke. Ni vizuri kuzilaza usiku mmoja kabla ya kuzitwanga, kwa sababu zinaendelea kutoa hewa kwa saa nyingi.

Jaribio la pua

Kuna kasoro moja inayojulikana sana katika kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi: harufu ya viazi vya kizungu vibichi. Inahusishwa na mdudu antestia, anayetoboa tunda la kahawa likiwa bado mtini. Punje yenye kasoro haionekani kwa macho. Harufu yake inatoka wakati wa kutwanga. Punje moja tu inaharibu birika nzima.

Dawa yake nyumbani ni rahisi: kahawa itwangwe kidogo kidogo, kila mara konzi moja, na kunuswa. Konzi yenye harufu ya viazi itupwe na kinu kifutwe vizuri, nyingine ziendelee. Mkulima anayefanya hivyo anajifunza pia shamba lake linahitaji nini: kupogoa miti, kuangamiza wadudu, na kuokota matunda yote bila kuacha mabaki mtini.

Kupika kinywaji cha siku kuu

Lita moja na nusu ya maji iwekwe motoni pamoja na tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyopondwa, kijiti kimoja cha mdalasini na punje tano au sita za iliki zilizopasuliwa. Vichemke kwa dakika 10.

Pembeni, nusu lita ya maziwa ichemshwe katika sufuria yake. Vanila moja ipasuliwe kwa urefu, mbegu zake zikwanguliwe, na vyote viingizwe katika maziwa ya moto kwa robo saa. Vanila iwe imekwisha kutayarishwa na kukaushwa, yaani nyeusi na laini. Ile ya kijani iliyotoka shambani haina harufu. Tangawizi mbichi isitiwe moja kwa moja katika maziwa, kwa sababu inayakatisha. Ikichemshwa kwanza katika maji, tatizo hilo linaisha.

Sufuria ya maji iondolewe motoni, ingojewe dakika moja, ndipo kahawa iliyotwangwa imwagwe na kukorogwa. Ifunikwe kwa dakika nne au tano, bila kurudishwa kwenye moto, maana kahawa inayochemka muda mrefu inakuwa chungu. Ichujwe kwa kitambaa safi, ichanganywe na maziwa, na itiwe sukari au asali kadiri ya jamaa. Ndani ya termosi itabaki na moto mpaka watu warudi kutoka misa ya usiku.

Watoto wapewe maziwa ya vanila na mdalasini bila kahawa. Nyumba zenye robusta, kama sehemu za Beni, zipunguze kipimo, kwa sababu robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Asiyepata vanila atumie kijiko cha kakao. Nayo inalimwa huko huko Beni.

Kahawa iliyobaki ikae katika chombo kinachofungwa vizuri, mbali na jua, nayo itadumu na harufu yake kwa wiki mbili au tatu. Na mkulima aweke punje chache ambazo hazijakaangwa mpaka msimu ujao. Mnunuzi akija mwezi wa Machi kusema kahawa haina ubora, mwenye shamba ataweza kuwasha mbabula, kukaanga punje hizo mbele yake, na kumwomba aonje kabla ya kutaja bei.