Sumu Inayofanana na Gliserini

Gliserini unaifahamu. Ni yale maji mazito yasiyo na rangi ambayo akina mama huwapaka watoto wakati wa baridi, ngozi inapokauka. Gliserini ni tamu. Kwa hiyo viwanda huitia katika dawa za maji za watoto, za homa na za kikohozi.

Kuna kitu kingine kinachofanana nayo sana. Kinaitwa daiethilini glaikoli. Nacho ni kizito, hakina rangi, na ni kitamu. Hutumika katika mafuta ya breki za magari. Kitu hiki ni sumu, huharibu figo. Lakini bei yake ni ndogo kuliko ya gliserini. Basi mfanyabiashara mwenye tamaa hukichanganya na gliserini, na pipa huuzwa kwa jina la gliserini.

Huko Haiti, mwaka 1995 na 1996, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya homa. Gliserini yake ilitoka China ikapitia kwa wafanyabiashara wa Ulaya. Waliopokea pipa walisoma karatasi iliyobandikwa, wakaamini. Ilipopimwa, karibu robo yake ilikuwa sumu! Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia kwa dawa za kikohozi zilizotoka nje.

Je, tutaitambuaje sumu hii? Kwa macho hatuwezi. Kwa pua hatuwezi. Kuonja ni hatari, na utamu hautofautiani. Hutambuliwa katika maabara tu. Katika gramu 1,000 za gliserini, sumu hii haitakiwi kuzidi gramu 1.

Sisi nyumbani tunaweza kumwangalia mtoto. Mwanzoni hutapika, tumbo humwuma, pengine huharisha. Hayo tumeyazoea, tunasema ni malaria. Lakini mkojo ukipungua, au nguo zikikaa kavu usiku kucha, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mbali.

Nenda na chupa ya dawa. Wengi wetu huitupa, au huiosha tukatilia mafuta ya taa. Usifanye hivyo. Juu yake kuna namba ya toleo. Kwa namba hiyo wataalamu hujua chupa nyingine za kuondoa madukani. Kule Gambia iliwabidi wapite nyumba kwa nyumba kuzikusanya.