Vikundi vya Watumiaji wa Huduma za Wingu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujiunga

Mwenye nyumba ya wageni Chwaka anayepokea maombi ya vyumba kwa njia ya mtandao, kikundi cha wakulima wa mwani kinachotunza hesabu za mauzo katika jedwali ambalo kila mwanachama hulifungua kwa simu yake, na mwanafunzi wa skuli anayehifadhi picha zake mahali ambapo hazitapotea hata simu ikiharibika, wote ni watumiaji wa huduma za wingu. Huduma hizi zimeingia katika shehia zetu bila ya kupiga hodi. Sambamba nazo imekuja mikutano ya watengenezaji wa programu, ambapo vijana hukutana kufundishana namna ya kuzitumia. Wazazi na wafanyabiashara hutaka kujua mikutano hiyo ni ya nini, nani anaiendesha, na kama ni salama kumruhusu mtoto au kuikabidhi biashara kwa mtu aliyejifunzia huko. Sura hii inajibu maswali hayo.

Wingu ni nini

Jina lisimpotoshe mtumiaji. Wingu halipo angani. Ni kompyuta nyingi zenye nguvu, zilizowekwa katika majengo maalumu yenye umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza joto, ambazo kampuni huzikodisha kwa saa, kwa mwezi au kwa ukubwa wa nafasi. Kampuni kubwa za biashara hii ni Amazon Web Services, Microsoft Azure na Google Cloud. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, vituo vikuu vya kampuni hizo vilivyo katika bara letu vipo Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

Kwa hiyo hesabu za kikundi cha Chwaka huenda zimekaa Cape Town, au mbali zaidi, Ulaya au Marekani. Huko zinafikiwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama vile SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake ilidorora mno. Wazanzibari hawakuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu kwa sababu ya hitilafu ya njia ya umeme utokao Bara kupitia baharini. Kitu kinachotufikia kwa waya wa baharini kinahitaji akiba nchi kavu. Ndiyo sababu tunamshauri kila mwenye hesabu, orodha ya wageni au nyaraka muhimu katika wingu awe na nakala nyengine katika kompyuta au diski aliyonayo mkononi, na aifanye upya kila wiki.

Vikundi hivi ni vya nani

Kila kampuni kubwa ya wingu ina vikundi vya watumiaji katika miji mingi ya dunia. Vya Google huitwa Google Developer Groups, na mkutano wao mkubwa wa mwaka, unaofanywa zaidi katika miezi ya mwisho wa mwaka, huitwa DevFest. Vya Amazon huitwa AWS User Groups, na mkutano wao mkubwa huitwa Community Day. Vipo pia vikundi visivyofungamana na kampuni moja, vya wanaotumia lugha fulani ya programu au chombo fulani cha kazi. Mwezi Novemba 2023 Zanzibar ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, uliowakusanya watengenezaji wa tovuti kutoka nchi mbalimbali za bara hili. Mkutano uliofuata ulifanyika Arusha mwaka 2025.

Jambo la kwanza ambalo mtumiaji anapaswa kulifahamu ni kwamba viongozi wa vikundi hivi kwa kawaida ni watu wa kujitolea. Wana kazi zao au masomo yao, na hukutana jioni au siku za mapumziko katika kumbi za vyuo au ofisi walizoazimwa. Kampuni ya wingu huweza kuwapa jina, fulana, chakula na mzungumzaji mgeni, lakini hilo haliwafanyi kuwa waajiriwa wala mawakala wake. Ahadi inayotolewa na mzungumzaji ukumbini, iwe ya bei, ya punguzo au ya ajira, haiifungi kampuni. Kinachoifunga ni mkataba ambao mtumiaji anaukubali anapofungua akaunti.

Faida zilizopo

Tunawahimiza wananchi wasiiogope mikutano hii. Faida yake ya kwanza ni kupata watu wa kuwauliza. Kampuni za wingu hazina duka Chwaka wala Mjini ambalo mteja aliyekwama anaweza kwenda kupanga foleni, na msaada wa kina wa kiufundi kutoka kwao mara nyingi hulipiwa. Kijana aliyehudhuria mikutano miwili au mitatu hujua nani wa kumuuliza, na mara nyingi hujibiwa kwa Kiswahili, siku ile ile, bila ya malipo.

Faida ya pili ni kwamba mwenye biashara, hata asiyejua programu, anaweza kuhudhuria na kusikia bei halisi za huduma. Akisha kujua kwamba tovuti ndogo ya nyumba ya wageni huweza kuendeshwa kwa gharama ndogo kwa mwezi, hatakubali kutozwa mara kumi ya gharama hiyo na mtu anayemwambia kuwa ‘wingu ni ghali’.

Kikwazo kikubwa kwa watu wa Chwaka ni masafa. Mikutano mingi hufanyika Mjini au Dar es Salaam, na kutoka Chwaka hadi Mjini ni kiasi cha kilomita 30. Mkutano unaomalizika usiku humwacha kijana bila ya daladala ya kurudia. Ni haki yenu kuwauliza waandaaji mapema saa ya kumalizika, na kuomba mafunzo yaletwe skuli au katika ukumbi wa shehia. Kikundi cha kujitolea hakihitaji zaidi ya chumba, umeme na intaneti ili kukutana.

‘Bure’ ina mpaka wake

Katika mikutano hii washiriki huombwa mara nyingi kufungua akaunti ya majaribio. Google Cloud huwapa wateja wapya salio la dola 300 la kutumia ndani ya siku 90, na Microsoft Azure hutoa dola 200 kwa siku 30. Masharti haya hubadilika, na ya kampuni nyengine hutofautiana, hivyo msomeni kila mmoja wenu masharti ya siku anayofungua akaunti. Kwa kawaida kampuni hutaka kadi ya benki hata kama huduma ni ya bure, na hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amekodi seva ya senti 5 za dola kwa saa ili afuate somo la jioni moja. Somo limekwisha, amefunga kompyuta yake mpakato na kurudi nyumbani. Kuifunga kompyuta yake hakukuizima seva aliyoikodi. Inaendelea kuhesabu saa, na kwa mwezi wa siku 30, wenye saa 720, deni linafika dola 36. Ikiwa alikodi tatu, ni dola 108. Salio la majaribio likisha kumalizika, na akaunti ikiwa imegeuzwa kuwa ya kulipia, fedha hizo zitadaiwa kwa mwenye kadi, ambaye mara nyingi ni mzazi.

Kwa hiyo zingatieni haya:

Kwanza, kabla ya kuondoka ukumbini, mwanafunzi amwombe mwalimu amwonyeshe namna ya kufuta kila alichokifungua, na ahakikishe kwa macho yake kwamba kimefutika.

Pili, awekwe onyo la matumizi katika akaunti, kwa mfano la dola 5. Hata hivyo, onyo si breki. Katika kampuni nyingi, onyo la bajeti hutuma barua pepe tu na haliizimi huduma. Asiyesoma barua pepe zake hakuonywa.

Tatu, kutumia kadi yenye fedha kidogo, kama kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya huduma za fedha za simu, huzuia kukatwa fedha nyingi kwa mara moja. Lakini hakufuti deni. Kampuni huweza kuendelea kudai na kuifunga akaunti pamoja na vilivyomo.

Nne, funguo za siri za akaunti zisiandikwe ndani ya programu inayowekwa hadharani, wala kutumwa katika kundi la WhatsApp. Wapo wezi wanaotumia programu za kupekua mtandao mchana na usiku kutafuta funguo hizo, na wakizipata hukodi kompyuta nyingi kwa jina la mwenye akaunti.

Akaunti iwe kwa jina lako

Hasara kubwa kwa wafanyabiashara wadogo huwa haitokani na bei. Hutokana na jina lililoandikwa katika akaunti. Mwenye nyumba ya wageni humwomba kijana mwenye ujuzi amtengenezee tovuti na mfumo wa kupokea wageni. Kijana, kwa nia njema, hufungua kila kitu kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu na kwa neno lake la siri. Mwaka mmoja baadaye amepata kazi Dar es Salaam au Muscat, simu yake haipatikani, na malipo ya mwaka yamefika. Mbele ya kampuni ya wingu, mteja ni kijana yule. Mwenye nyumba hana uthibitisho wowote kwamba orodha ya wageni wake wa miaka yote ni mali yake.

Kinga ni rahisi ikiwekwa mwanzo. Mwenye biashara afungue barua pepe ya biashara, na akaunti ya wingu pamoja na jina la tovuti viandikishwe kwa barua pepe hiyo na kwa namba yake ya simu. Fundi apewe ruhusa yake mwenyewe ya kufanya kazi ndani ya akaunti, ambayo huweza kuondolewa kazi ikimalizika. Kampuni zote tulizozitaja zinaruhusu jambo hili, na fundi mwaminifu hatachukia kuombwa hivyo. Makubaliano yaandikwe, japo karatasi moja: kazi gani, kwa bei gani, nani analipa gharama za kila mwezi, na data ni ya nani.

Ada, vyeti na fomu

Mikutano mingi ya vikundi hivi haina kiingilio. Mikutano mikubwa ya siku kadhaa huweza kuwa na tiketi. Ukiombwa ada, uliza inalipwa kwa jina la nani na udai risiti. Ada ya ‘kuingizwa katika kikundi’ inayotumwa kwa namba ya mtu binafsi ni dalili ya ulaghai.

Cheti cha kuhudhuria kinaonyesha kwamba mtu alikuwepo, basi. Cheti cha kitaalamu cha kampuni hupatikana kwa mtihani unaosimamiwa. Mtihani wa ngazi ya mwanzo wa Amazon, kwa mfano, ada yake ni dola 100. Vikundi huweza kugawa vocha za punguzo za mitihani hiyo. Hakuna kikundi chenye uwezo wa kukuhakikishia kufaulu, na anayeuza majibu anauza kitu kitakachokufutia cheti. Mwajiri anayeonyeshwa cheti aombe kiungo cha kukihakiki mtandaoni.

Fomu ya kujiandikisha inahitaji jina, barua pepe na pengine namba ya simu. Haihitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya siri ya simu wala picha ya kadi ya benki. Kwa simu, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukipata hasara

Ukikuta deni usilolitambua, zima huduma zote kwanza, badilisha neno la siri, kisha uiandikie kampuni siku hiyo hiyo kupitia sehemu ya malipo ya akaunti yako, ukieleza lililotokea. Kampuni huweza kusamehe deni la bahati mbaya la mara ya kwanza, ingawa hailazimiki. Ijulishe benki yako pia.

Ujumbe wa kitapeli wa simu upelekwe kwa namba 15040. Malalamiko juu ya mfanyabiashara aliyekuuzia huduma kwa udanganyifu yanapokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2018. Malalamiko ya huduma za simu na intaneti hupelekwa kwanza kwa kampuni husika, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na kuhusu matumizi mabaya ya taarifa binafsi, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Katika kila lalamiko, risiti, picha za ujumbe na yale makubaliano ya karatasi moja ndiyo yatakayokusemea.